Celica ya mjomba: shajara ya kubadilisha mipira ya madirisha

Jumapili, 16 Februari

Mvua ya jana usiku haikuwa kubwa. Ilinyesha nusu saa hivi, ikalaza vumbi la hapa Bombo, Uganda, ikaenda zake. Lakini asubuhi nilipofungua mlango wa kushoto wa Celica na kukanyaga zulia, maji yalipanda katikati ya vidole vyangu. Chini ya zulia kuna sponji nene inayonyonya kama godoro, na ile harufu ya uvundo niliyoidhania ya viti vya zamani kumbe inatoka humo. Mvua za Machi zimekaribia. Safari hii sibandiki tena kipande hapa na kipande pale. Nabadilisha mipira yote ya madirisha, na kila hatua naiandika humu, ili mwenye gari kama hili asianze kwa kupapasa kama nilivyoanza mimi.

Gari ni Toyota Celica ya mwaka 1995, chesisi ST202, milango miwili ya pembeni na ule mkubwa wa nyuma, injini 3S-GE ya cc 1998, usukani kulia kama lilivyotoka Japani. Mjomba wangu alilinunua likiwa limeshatumika, akalipokea Mombasa na kuliendesha mwenyewe hadi hapa kupitia Malaba. Celica ilichukua Safari Rally ya Kenya mara nne mfululizo: 1992 kwa Carlos Sainz, 1993 kwa Juha Kankkunen, 1994 kwa Ian Duncan wa Kenya, 1995 kwa Yoshio Fujimoto. Mjomba alizifuata zote redioni, akaapa kwamba siku moja atakuwa na yake. Za mashindano zilikuwa na turbo na zilivuta magurudumu yote manne. Hii inavuta ya mbele tu na turbo haina. Kwake jina lilitosha. Miaka miwili iliyopita magoti yalimkatalia kujishusha kwenye kiti kilicho chini namna ile, akanikabidhi funguo, na tangu hapo kila nikimpigia simu kumjulia hali, baada ya salamu swali lake la kwanza ni la gari.

Ugumu wa kazi hii unatokana na jinsi milango ilivyoundwa. Kwenye Premio au Corolla, kioo hupanda ndani ya fremu ya chuma, na mpira wenye mfereji hukikumbatia pande zote. Mlango wa Celica hauna fremu juu. Kioo kinasimama hewani peke yake, na ukifunga mlango, ukingo wake unaegemea mpira uliolazwa kwenye paa na kwenye nguzo ya mbele. Kinachokishika ni reli na mashine iliyo ndani ya mlango, basi. Wenye Subaru za zamani wanalijua jambo hili vizuri.

Kabla ya kununua chochote nilitaka kujua maji yanapita wapi hasa. Nilikata gazeti vipande vyembamba, nikawa nabana kimoja kimoja kati ya kioo na mpira, nafunga mlango, navuta. Pale mpira unapofanya kazi, karatasi inakwama na ukilazimisha inachanika. Mlango wa kushoto, kuanzia usawa wa kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma hadi katikati ya paa, karatasi zilitoka bila kusita. Kulia hali ni nafuu kidogo.

Kisha nikaingia ndani na tochi, mtoto wa kaka yangu akabaki nje na keni ya kumwagilia bustani. Nilimwambia aanze chini, apande polepole, asiruke hatua. Ukianza kumwaga juu ya paa, maji hushuka kila mahali na huwezi kusema yameingilia wapi. Alipofika kwenye kona ya mbele ya kioo nilimsikia anasema, "Shangazi, huku mpira umepasuka." Nikaona tone la kwanza, la pili, halafu mstari. Lakini kilichonishangaza kilitokea mapema zaidi, alipokuwa bado anamwagia katikati ya mlango tu: maji yalichuruzika chini ya ubao wa ndani wa mlango na kuingia kwenye zulia. Hayo hayakupita juu kabisa.

Vumbi nalo lilinisaidia. Ndani ya mlango, kwenye kitambaa cha paa, kuna mstari mwekundu wa murram unaofuata hasa pale karatasi zilipotoka bila kusita. Barabara zetu huacha ramani: panapopita vumbi wakati wa kiangazi ndipo maji yatakapopita wakati wa mvua. Mwenye gari la zamani aangalie mistari hiyo kabla hajaiosha.

Jumamosi, 22 Februari

Kampala, soko la spea la Kisekka. Nilitoka nyumbani alfajiri na vipande vya mipira ya zamani ndani ya mfuko, maana kumweleza mtu umbo la mpira kwa maneno ni kazi bure. Katika soko lile, ukitaja gari tu, kuna kijana ambaye tayari anakimbia kukuletea kitu. Niliomba niletewe mipira ya paa ya ST202, kulia na kushoto.

Waliniletea ya kutoka kwenye gari lililokatwa. Kwa macho ilikuwa mizuri, imepakwa kitu cha kung'arisha. Nikaibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Mpira mzima hunyanyuka na alama ikapotea. Ule ulibaki na shimo. Miaka 30 ya jua ni miaka 30, liwe la Japani au la ikweta, na la hapa kwetu ni kali zaidi. Kununua mpira mkuukuu wa umri uleule ni kununua tatizo nililo nalo tayari. Tena magari ya umri huu hayaingii nchini tena: tangu sheria ya 2018, gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa. Celica zinazokatwa Kisekka leo ni zilezile zilizozeeka humu humu pamoja na yangu.

Mwuza spea mmoja, mtu mzima mwenye subira, alinipa njia. Anaagiza vitu vya Toyota kupitia Dubai. Aliniomba namba ya chesisi, si jina la gari, na akanionyesha jinsi ya kusoma namba za spea za Toyota: tarakimu tano za kwanza zinaeleza ni kitu gani, tano zinazofuata zinaeleza ni cha gari lipi. Kwa hiyo namba yako ikianza kama ya mpira wa paa na mwisho wake ukawa wa gari jingine, usidanganyike na kufanana. Alipiga simu, tukasubiri, jibu likaja kwamba jozi moja mpya ipo. Shilingi 520,000, wiki tatu. Nililipa nusu.

Mipira ya kiunoni, yaani ile midomo miwili inayolamba kioo pale kinapozama mlangoni, ya nje haikupatikana kwa bei yoyote. Nilinunua mita 4 za mdomo wa mpira wenye felti, yaani kitambaa cha nywele fupi, upande mmoja, na mita 9 za mpira wa kuzungushia mlango, ule wenye chuma ndani ya mfereji wake na bomba laini ubavuni. Huu wa mita una hatari yake: kama bomba ni nene kuliko la asili, mlango haufungi. Nilipima bomba la zamani pale lisipobanwa, chini kabisa ya mlango, nikapata milimita 14, nikachukua lililo sawa. Wengi hupima pale juu lilipolala bapa, kisha wanarudi kulalamika.

Jumapili, 23 Februari

Nimetoa kiti cha abiria na zulia. Sponji imelala juani kwenye majani. Nitaigeuza kila asubuhi hadi wiki ijayo. Bati la sakafuni lina kutu ya juu juu tu, halijatoboka. Alhamdulillahi.

Jumamosi, 1 Machi

Leo nimefungua mlango wa kushoto, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alijue.

Maji yana ruhusa ya kuingia ndani ya mlango. Nilikuwa siamini. Mpira wa kiunoni wa nje hupunguza tu. Haukuundwa kuzuia kila tone, maana kioo lazima kipite. Maji yanayopenya hushuka ndani ya mlango, upande wa bati la nje, hadi chini, na huko kuna matundu ya kuyatoa. Kati ya tumbo hilo la mlango na ubao wa ndani tunaouona, kiwandani waliweka karatasi ya nailoni, imegandishwa pembeni kwa gundi nyeusi laini ya butili. Nailoni hiyo ndiyo ukuta wa chumba cha abiria. Ukingo wake wa chini haubandikwi juu ya bati. Unaingizwa ndani ya mwanya, ili tone linaloteremka juu yake lirudi tumboni mwa mlango na si kwenye zulia lako.

Nilipotoa ubao nilikuta nailoni imechanwa katikati na kuning'inia. Miaka kadhaa iliyopita mashine ya kioo ilibadilishwa kwenye gereji moja, na aliyeifanya kazi hiyo aliona nailoni ni takataka inayomzuia kuingiza mkono. Mpira wa paa nao ulikuwa umegandishwa kwa silikoni ya kubandikia vioo vya nyumba, ili usitikisike. Niliumia kuona. Mjomba alilipa kazi ile kwa pesa ya kweli, akarudi nyumbani akiamini gari lake limetengenezwa.

Matundu ya chini yalikuwa matatu, yote yamezibwa na udongo mwekundu uliokandika kama matofali mabichi. Nilipoyachokoa kwa waya, yalitoka maji ya rangi ya chai. Ndiyo kusema mlango ulikuwa ndoo. Kutu imeanza kwenye pindo la chini, urefu wa kiganja. Nikaikwangua kwa brashi ya waya, nikapiga msasa hadi chuma kikang'aa, nikapaka praima mara mbili. Nitaacha ikauke usiku kucha kabla ya rangi.

Vibanio vinne vya ubao vilivunjika. Plastiki ya miaka hii haina huruma. Vibanio hupatikana kwa bei ndogo, kwa hiyo usisite. Bisibisi iliyofungwa kitambaa, uingize karibu kabisa na kibanio, unyanyue pale pale. Ukivuta ubao kwa mkono kutoka mbali, unapasua ubao wenyewe, na huo haupo dukani.

Jumapili, 2 Machi

Nailoni mpya. Nimetumia ile nene wanayotandika chini ya sakafu za nyumba, nimeikata kwa kufuata ile ya zamani niliyoiunganisha kwa selotepu ikawa kama mwelekezo wa fundi cherehani. Butili ya utepe pembeni, ukingo wa chini ndani ya mwanya. Juani butili hulainika na kushika vizuri. Asubuhi kwenye baridi ilikuwa ngumu, nikangoja hadi saa nne. Shilingi 8,000 za nailoni na 45,000 za butili. Naamini nusu ya maji yangu yameishia hapa, kabla hata ya kugusa mpira mmoja.

Jumamosi, 8 Machi

Ramadhani imeshika. Nafanya kazi asubuhi kabla jua halijachachamaa, na harufu ya gundi nimeiweka ya baada ya futari.

Kusafisha gundi na silikoni ya zamani ndiko kulikochukua wiki nzima, jioni kwa jioni. Watu wawili tofauti walinishauri nitumie mafuta ya taa. Sikukataa wala sikukubali. Nilikata vipande vitatu vya ule mpira wa mita, vyote vya sentimita 5, kimoja nikakiloweka kwenye mafuta ya taa, kimoja kwenye maji ya sabuni, kimoja kwenye spiriti. Kesho yake cha mafuta ya taa kilikuwa kimevimba, kimelegea, na hakikulingana tena na wenzake. Mipira hii ya milango kwa kawaida ni ya EPDM, mpira unaovumilia jua, mvua na joto kwa miaka mingi, lakini mafuta ya petroli ni adui yake. Kwa hiyo dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya injini na hata mafuta ya kujipaka yanayotokana na petroli, vyote viwe mbali nayo. Vinaing'arisha leo na kuiua polepole. Kwenye bati tupu nilitumia spiriti na ukwangulio wa plastiki. Kwenye mpira ni maji ya sabuni, na ukishakauka, mafuta ya silikoni.

Mpira wa kiunoni wa nje nimeuokoa. Ni ukanda wa chuma wenye mdomo wa mpira. Chuma kizima, mdomo ulikuwa umekakamaa na kujikunja nyuma, umeacha pengo la upana wa vidole viwili. Nilikata mdomo wote kwa wembe, nikasugua chuma, nikabandika ule mpya wenye felti, nikaubana kwa vibanio vya nguo usiku kucha juu ya ubao ulionyooka. Felti iangalie kioo. Mpira mtupu ukigusana na kioo hukwaruza na kulia. Nywele fupi za felti ndizo zinazokiacha kiteleze.

Ijumaa, 14 Machi

Mipira ya paa imefika. Nimeifungua mezani baada ya futari, bado ina unga mweupe wa kiwandani na ule ulaini wa kitu ambacho hakijawahi kuona jua. Nimeilaza karibu na ya zamani. Ya zamani ni mifupi kwa karibu sentimita 2. Mpira ukizeeka husinyaa, na ndiyo maana kona ya mbele ilipasuka: ilivutwa kutoka pande zote mbili hadi ikashindwa.

Jumamosi, 15 Machi

Upande wa kushoto. Mpira wa paa umekaa ndani ya reli nyembamba ya chuma iliyofungwa kwa skrubu kwenye paa. Nilizitoa reli, nikazinyoosha mahali palipopindwa, nikarudisha na utepe mwembamba wa butili nyuma yake, kwa sababu maji hupita pia nyuma ya reli na watu wakaulaumu mpira.

Kwa kuingiza, nilianza na kona iliyofinyangwa, ile ya juu ya nguzo ya mbele, maana ina mahali pamoja tu pa kukaa. Kisha ncha ya nyuma. Kisha katikati. Halafu nikawa nasukuma sehemu zilizobaki kuelekea katikati kila upande, kwa mpini wa mwiko wa mama na maji ya sabuni. Ukianza mwisho mmoja na kwenda moja kwa moja, mkono unavuta bila wewe kujua, ukifika mwisho unajikuta na mpira wa ziada, unafurahi, unaukata. Baada ya mwezi unajirudi mahali pake na pengo linafunguka. Usikate kamwe mpira uliofinyangwa kiwandani. Ukizidi, umeuvuta.

Saa nane mchana ulikuwa umekaa, mzuri mno kuutazama. Nikafunga mlango. Haukufunga. Nikafunga kwa nguvu. Uligota na kurudi. Mara ya tatu niliona ukingo wa kioo umekunja mdomo wa mpira mpya kuelekea nje, nikauacha mlango wazi hapo hapo na kumpigia mjomba.

"Usiupige mlango, mwanangu," alisema. "Kioo chako kimezoea mpira uliokufa. Kifundishe upya. Kesho nitakuja."

Jumapili, 16 Machi

Alikuja na matatu ya saa mbili, akiwa na kofia yake na kiti chake cha kukunja. Nikampa shikamoo, nikamwekea kiti kivulini mwa mwembe, karibu na mlango. Hakushika spana hata mara moja. Alikuwa akitazama, akiuliza, akinyamaza.

Kabla ya kulegeza chochote nilichora kwa kalamu ya rangi nyeupe kuzunguka kila boliti, ili nijue nilikotoka. Boliti za spana namba 10 zinashika reli mbili za kioo, na matundu yake ni marefu, si ya mviringo, kwa makusudi kabisa: ndiyo nafasi ya kurekebisha. Kuna pia vizuizi vya juu, ambavyo huamua kioo kisimame wapi kikipanda. Kioo kina mambo matatu: kiende mbele au nyuma, kiwe juu au chini, kiinamie ndani au nje. Mjomba alisisitiza utaratibu huo huo, na sasa naelewa sababu. Ukianza na mwinamo, ukihamisha kioo mbele baadaye, mwinamo wote unapotea.

Mbele na nyuma palikuwa sawa. Juu, kioo kilikuwa kimezidi. Yule wa gereji alikipandisha mpaka mwisho ili kizibe pengo la mpira uliosinyaa, na kwa mpira mzima urefu ule ni mwingi. Nilishusha vizuizi milimita 3. Ukingo wa kioo unatakiwa uteleze chini ya mdomo wa nje wa mpira mlango unapofunga. Ukizidi juu unaukunja, ukipungua upepo unapita juu yake.

Mwinamo ndio uliokula mchana. Kinachochanganya ni kwamba ukitaka sehemu ya juu ya kioo iegemee ndani, husukumi juu, unahamisha mwisho wa chini wa reli kuelekea nje. Kioo kinacheza kama mizani, kiuno cha mlango kikiwa ndio egemeo. Reli zote mbili zihamishwe kwa kipimo kimoja, la sivyo kioo kinajipinda na mashine inalemewa. Nilikuwa nahamisha milimita moja, nakaza kidogo, nafunga mlango taratibu, nafungua, nasoma.

Nilikuwa nasoma chaki. Nilipaka unga wa chaki nyeupe ya shuleni kwenye mdomo wa mpira. Mlango ukifungwa na kufunguliwa, unga unahamia kwenye kioo na kuonyesha pale vilipogusana. Mara ya kwanza mstari ulionekana nyuma tu. Mara ya nne ukafika katikati. Mara ya saba ukaenda mfululizo kutoka kona ya mbele hadi nyuma, mwembamba, upana wake uleule kama uliochorwa kwa rula. Mjomba aliinuka kitini akaja kuupitisha kidole kwa karibu, bila kuugusa.

"Funga," akasema. Nikafunga kwa kiganja kimoja. Mlango ulitoa ile sauti moja nzito, haukutikisa kioo. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba sauti hiyo aliisikia mara ya mwisho pale Mombasa.

Baada ya kukaza boliti zote nilirudia karatasi za gazeti. Zote zilikwama. Komeo la mlango sikuligusa, ingawa ndilo kila mtu anakimbilia kulihamisha mlango ukiwa mgumu. Ungelihamisha ungepotosha mlango mzima kwa ajili ya mpira ambao baada ya wiki mbili utalainika wenyewe.

Jumamosi, 22 Machi

Kulia. Kazi ya saa nne tu, pamoja na nailoni na matundu. Huku hakuna gereji iliyotangulia.

Mpira wa kuzunguka mlango, ule wa mita, nao nimeuweka pande zote mbili. Kiungo nimekiweka chini katikati, kwenye kizingiti, si juu, na mdomo wa bomba nimeuunganisha kwa gundi ya mpira ili maji yasisafiri ndani yake.

Jumanne, 25 Machi

Mvua kubwa, ya saa mbili, yenye upepo kutoka kusini. Nilikaa ndani ya gari na tochi tangu ilipoanza. Paa kavu. Kona ya mbele kavu. Zulia kavu. Halafu, karibu na mwisho, tone moja kwenye kona ya chini ya kioo, kushoto, likatoka nyuma ya ile pembetatu ya plastiki inayoficha skrubu za kioo cha pembeni.

Nilikifungua usiku ule ule. Kati ya kioo cha pembeni na mlango palikuwa na sponji nyembamba, sasa imebaki unga mweusi. Asubuhi nilikwenda kwa fundi viatu karibu na soko, nikamwomba kipande cha ile sponji ya soli za ndala, ya unene wa milimita 4. Sponji ile ina vishimo vilivyofungwa kila kimoja peke yake, kwa hiyo hainyonyi maji kama ya godoro. Shilingi 3,000. Nilichora umbo la kitako cha kioo cha pembeni, nikakata, nikatoboa matundu matatu ya skrubu na moja la waya. Nikatengeneza cha kulia pia wakati uleule, hata kama hakijavuja.

Jumamosi, 29 Machi

Hesabu kwa anayetaka kujua: mipira ya paa 520,000, mpira wa milango 135,000, mdomo wa felti 40,000, butili 45,000, nailoni 8,000, praima na msasa 32,000, spiriti na mafuta ya silikoni 40,000, soli 3,000. Jumla 823,000. Kazi ni yangu, na mashauri ni ya mjomba.

Nimerudisha sponji na zulia, kavu kabisa, na chini ya miguu ya abiria nimetandaza gazeti ili lisiwepo tone nisilolijua. Alasiri nikampitia mjomba, tukashika barabara ya Gulu kuelekea Luweero. Wobulenzi mvua ikatukuta. Zamani, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, upepo ulikuwa ukipiga mluzi kwenye kona ya kushoto hadi tunapaza sauti kuongea. Leo tulisikia mvua juu ya bati na wiper zikienda na kurudi, na mjomba akaninong'oneza, ingawa hakukuwa na haja ya kunong'ona, "Sikiliza huko nyuma."

Nikasikiliza. Chini ya sauti ya mvua kulikuwa na mvumo mzito, unaopanda na kushuka na mwendo, kutoka gurudumu la nyuma la kushoto. Bearingi. Imekuwa ikiunguruma muda gani hakuna anayejua, mluzi ulikuwa umeifunika. Tulipofika Luweero aliinama kwa shida, akatia mkono chini ya gazeti, akaugeuza kiganja kunionyesha. Kikavu.

Mpira wa mlango mkubwa wa nyuma bado ni wa zamani. Huo nitaufuata baada ya bearingi.